Meza Iliyoliliwa Mamboleo

Kwanza niseme wazi: sijafa. Nalazimika kusema hivyo kwa sababu mpaka leo wako watu pale Mamboleo ambao wakinikuta dukani nanunua sukari, hunitazama miguu kwanza, waone kama inagusa sakafu. Siwalaumu. Walinililia, na machozi yao yalikuwa ya kweli. Mwenye makosa ni mimi, au tuseme mdomo wangu, maana kisa chenyewe kilianzia hapo.

Jina langu ni Joram Ogola, zamani karani wa posta mjini Kisumu. Mwaka wa tisini na tatu tulipunguzwa kazi, tukaambiwa twende nyumbani tukapumzike, nami niliitii amri hiyo kuliko amri yoyote niliyowahi kupewa na serikali. Nilipumzika barazani, redio sikioni, miguu juu ya ukuta. Mke wangu Seline hakupumzika. Yeye alikuwa na miche yake.

Alikuwa nayo ya kila aina: sukuma wiki, nyanya, pilipili, osuga, ile mboga yetu chungu, mipapai, hata maua ya madhabahuni. Aliipanda katika zile pakiti za maziwa za pembe tatu na katika makopo ya mafuta ya Kimbo, akayapanga yote chini, kandokando ya ukuta wa jikoni. Wanawake walitoka mbali hata Kibos kuja kuchukua miche kwa Seline. Asubuhi aliisemesha kwa sauti ya upole ambayo, tangu tuoane, sijawahi kuisikia ikielekezwa kwangu.

Sasa kazi hiyo ni ya kuinama. Unainama kujaza udongo, unainama kupanda, unainama kumwagilia, na ukimaliza unainama kumfukuza kuku. Mwaka huo mgongo wa Seline ukagoma. Siku nyingine aliinama akashindwa kuinuka, ikabidi ajikokote ukutani kwa mikono. Daktari akamwambia aache kuinama, la sivyo mgongo wenyewe utamwachisha. Akaja barazani kunieleza, uso umemshuka.

Mwanamume mwenye akili angesema pole. Mimi nilipunguza redio nikasema, "Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

Sijui ni nini kilichonituma. Labda nilidhani ni mzaha. Seline alinitazama kwa muda mrefu wala hakunijibu, na hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu Seline ni mtu wa majibu. Jioni nilimkuta anapanga nguo kwenye begi. Binti yetu Aoko, aliyeolewa Port Victoria, alikuwa amejifungua, kwa hiyo mama yake alikuwa anakwenda kumsaidia kidogo. Hilo nililijua. Lililofuata sikulijua.

"Nikirudi nitaigawa miche yote kwa akina mama wa kanisa," akasema. "Halafu nitarudi kwa Aoko nikae huko. Huko nina mtoto wa kubeba. Hapa nina nini?"

Nilitaka kumwambia ana mimi. Nikaona ni afadhali ninyamaze, maana huyo ndiye aliyekuwa akimlalamikia.

Basi likamchukua. Siku za kwanza nilijitia kichwa kigumu. Nikasonga ugali ambao kuku waliupa kisogo. Nikafungulia redio kwa sauti kubwa, nikagundua redio haiulizi kama umekula. Nisifiche kitu: niliingiwa na hofu. Nilijiona nimezeeka peke yangu barazani, na ukuta wa jikoni mtupu, na huyo mama wa watu yuko Port Victoria anabembeleza mjukuu na hataki hata kulisikia jina langu. Ndipo nikakumbuka kitu nilichowahi kukiona kwenye maonyesho ya kilimo pale pale Mamboleo: meza ya mbao ya kupandia miche, ina kina kama sanduku ili ijae udongo, na miguu mirefu, mtu anapanda huku amesimama wima. Nikasema, nitamjengea Seline meza hiyo. Akirudi aikute imesimama. Asiiname tena maisha yake yote, na asiende popote.

Hapa ni lazima nieleze sifa zangu za ufundi. Niliwahi kujenga nyumba ya kuku nikasahau mlango, ikawa kuku wanaingia kwa kuinuliwa paa. Niliwahi pia kutengeneza kigoda. Alikikalia binamu yangu Oduor, na tangu siku hiyo Oduor hakai kitini kwa mtu yeyote kabla ya kukitikisa. Kwa hiyo niliamua kazi hii iwe siri mpaka imalizike. Watu wakisikia Ogola ameshika nyundo, wangekuja na viti vyao kutazama.

Futi ya kupimia sikuwa nayo, na kwenda kuiazima kungekuwa ni kujitangaza. Nikatumia akili. Nililala chini kandokando ya makopo ya Seline: kichwa kwenye nyanya, miguu kwenye pilipili. Ikatosha kabisa! Urefu wa meza ukawa ni urefu wangu. Upana, viwiko vyangu. Kimo, kiuno changu. Nilijisifu kwa ujanja huo siku nzima.

Mbao nazo zikawa na shida yake. Mafundi wengi wa Mamboleo huuza mbao ghafi, ukazipige randa mwenyewe, na mimi na randa hatupatani. Mtu mmoja tu alikuwa na mbao laini, zilizonyooka, tayari kwa misumari. Huyo alikuwa Wakoli, Mbukusu mmoja mpole mwenye kibanda karibu na njia panda. Wakoli alitengeneza majeneza.

Mbao ni mbao, nikajiambia. Nikamweleza Wakoli nataka za kutosha mtu wa kimo changu na mabega yangu. Hakuuliza swali. Watu wa kazi ile wamezoea kutouliza. Alinitazama kwa huruma, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanifungia mbao kwa kamba, kisha akanipa vishikio vinne vya shaba kama nyongeza. Nilifurahi sana. Meza yenye vishikio unaweza kuisogeza kivulini jua likizidi.

Nikazifunga kwenye baiskeli nikaikokota kupitia sokoni saa sita mchana. Kwetu mbao za Wakoli hazipiti hivi hivi. Kila mtu aliniuliza ni za nani, nami, kwa kulinda siri yangu, nilitikisa kichwa, nikaangalia chini, nikapita. Muuza nyanya mmoja alivua kofia. Nikasema moyoni, kumbe watu wa Mamboleo wameanza kuwaheshimu wastaafu.

Nikaanza kazi. Nilipiga misumari na vidole bila upendeleo. Nilianza na lile sanduku la juu, la udongo, nikaliweka chini uani. Nikalitia mbavu, nikalitia sakafu, nikakaza vile vishikio, viwili huku na viwili kule. Miguu minne niliyokwisha kuikata ilikuwa imeegemezwa ukutani ikingoja zamu yake. Siku ambayo Seline alitarajiwa kurudi, baada ya chakula cha mchana, nikapiga msumari wa mwisho wa sanduku nikasimama kulitazama. Lilikuwa zuri, jamani. Mara nikaingiwa na shaka kama urefu uko sawa. Na kipimo changu kilikuwa ni mimi mwenyewe.

Nikaingia ndani nikalala. Kichwa kiligusa huku, nyayo zikagusa kule. Viwiko vikatosha. Mikono nikaikunja kifuani ili nisichomwe na vijiti. Jua la Kisumu saa nane unalijua, na tumbo langu lilikuwa limejaa omena, wale dagaa wa ziwani. Nilifumba macho kidogo tu, nikapitiwa na usingizi.

Jirani yangu Perez, mwanamke mwimbaji wa sauti ya kwanza katika kwaya, alikuwa amevumilia kelele za nyundo siku zote hizo. Sasa kelele zikakoma, na huo ukimya ndio uliomshinda. Akachungulia juu ya ua wa mnyaa. Aliona jeneza jipya lenye vishikio vya shaba, na mimi ndani yake, mikono kifuani. Hakuuliza. Aligeuka akakimbia kwake huku akipiga ile nduru ya msiba ambayo kwetu hata kiziwi huisikia.

Nduru ndiyo iliyoniamsha. Sasa Mjaluo akisikia nduru haulizi, anakwenda. Ilitoka upande wa kwa Perez, na mume wake alikuwa amekohoa mwezi mzima, kwa hiyo nikasema, masikini, mzee amekwenda. Huzuni ikanishika kwelikweli. Nikaingia ndani nikavaa koti, nikafunga mlango, nikapita njia ya nyuma katikati ya mahindi huku nikiyaandaa machozi. Nilipofika kwa Perez, uwanja ulikuwa mtupu. Alikuwapo mume wake peke yake, amekaa kwenye mkeka anakula mhindi wa kuchoma. Aliponiona, mhindi ulimponyoka. Akaingia ndani kwa magoti akajifungia.

Mimi nikasimama pale nisielewe. Kama huyu mzima, aliyekufa ni nani? Nikafuata vilio. Vilizunguka shamba, vikapita kwenye mwembe wa jirani, vikanirudisha nyumbani kwangu.

Uwanja ulikuwa umejaa. Kwaya ilikuwapo, na viti vya kanisa vilikwisha kufika, maana kwetu viti vya msiba huwahi kuliko polisi. Binamu yangu Oduor alikuwa ameshika fimbo, anahutubia. Nilisimama nyuma karibu na pipa la maji nikamuuliza mtu mmoja kwa sauti ya chini ni nani aliyetutoka.

"Ogola wa posta," akasema bila kugeuka. "Wamekwisha kumkimbiza mochari. Jeneza ndilo lile."

Najua nilipaswa kupaza sauti papo hapo. Lakini niambieni ukweli, ni nani kati yenu asingetaka kusikiliza kidogo? Oduor alikuwa akisema marehemu aliitumikia serikali kwa moyo, kwamba hakuwa na choyo, kwamba neno lake halikumuumiza mtu. Nilimpenda sana marehemu huyo, ingawa sikumfahamu. Kisha akasema marehemu alikuwa fundi, na umati mzima ukakohoa. Hilo nililivumilia. Ila Perez akaanguka magotini kando ya sanduku langu, akalipapasa akilia, "Hata jeneza alijitengenezea mwenyewe, maskini. Ndiyo maana limepinda."

"Halijapinda," nikasema.

Sitawaeleza sana yaliyofuata. Wengine walipitia langoni, wengine wakapitia penye mnyaa, na mwalimu wa kwaya alipitia juu ya nyumba ya kuku, ikawa ndio mwisho wa nyumba hiyo. Oduor alibaki peke yake, ameshikilia fimbo, macho yamemtoka. Polepole wakarudi. Walinigusa mikono, wakanivuta sikio, wakaomba, wakaimba. Oduor naye akapata fahamu akatangaza kwamba machozi yakishamwagika katika boma hayaondoki hivi hivi, ni lazima kitu kichinjwe, waliolia wapate kula. Mila hiyo sikuwahi kuisikia. Nadhani aliitunga pale pale kwa njaa. Lakini mtu hana nguvu za kubishana juu ya mila siku aliyokufa, kwa hiyo nikawaonyesha kuku.

Nilikuwa katikati ya kuwaeleza kwamba hilo ni meza, na hakuna anayeniamini, watu walioko langoni waliponyamaza. Nikageuka. Alikuwa Seline.

Alishukia njia panda, na wa kwanza kumpa pole alikuwa muuza nyanya. Wakoli naye akatoka kibandani akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Seline akaliacha begi pale pale barabarani akakimbia. Alikimbia na mgongo ule ule uliokuwa ukimtambaza ukutani. Kitambaa kilikuwa kimemwanguka kichwani, kiatu kimoja kilikuwa mkononi, na kingine sijui alikiacha wapi. Alinitazama mimi, akatazama jeneza, akanitazama tena. Akakaa chini mchangani akihema. Nilikwenda nikapiga magoti mbele yake.

"Joram," akasema pumzi ilipomrudia. "Kutoka pale barabarani nimekuwa nikimwambia Mungu, mrudishe. Mrudishe hata na mdomo wake ule ule."

Nililia. Nililia mbele ya kwaya na mbele ya Oduor, machozi yale niliyokuwa nimemwandalia mume wa Perez. Nikamwomba radhi kwa lile neno la mvunguni. Hakusema amenisamehe. Alinipangusa vumbi la mbao usoni kwa kiganja, kwa nguvu kiasi cha kuniumiza, akaniuliza lile ni kitu gani.

Nikamwambia ni meza ya miche yake. Nimemjengea ili asiiname tena.

"Meza," akasema. Watu wakaanza kukohoa.

Basi ikabidi nithibitishe. Nikaileta ile miguu minne, waombolezaji wakaliinua sanduku kwa vishikio, hapo vikatusaidia kweli, nami nikapiga misumari huku mji mzima ukitazama. Tulipoiachia, ilisimama. Haikutikisika! Nikamshika Seline mkono nikamsogeza aijaribu, nimevimba kifua. Akakaribia. Ukingo wa meza ukamfika chini ya kidevu.

Kimo nilipima kiunoni kwangu, nikasahau kwamba sanduku lenyewe litakaa juu ya miguu hiyo. Seline ananifika kwapani, na hilo nimelijua tangu siku ya kwanza nilipomwona. Nilikuwa nimelala chini, nimejipima viwiko, nimejipima kiuno, nimejipima mpaka nikazikwa, na katika kupima kote huko sikuwahi kumpima mwenye mgongo. Alisimama pale mbele ya meza yangu, amechungulia ndani kama mtoto aliyetumwa chumvi dukani. Oduor akasema angalau ataweza kunusa nyanya bila taabu.

Nikachukua msumeno. Na kwa kuwa kwetu matangani kila mtu ni msimamizi, kila mtu akanielekeza. Nikakata mguu mmoja ukawa mfupi. Nikakata mingine iufuate, mmoja ukauzidi ufupi. Tukakata huku, tukakata kule, Perez akishikilia, mwalimu wa kwaya akipima kwa jicho, na kila tukikata meza inachechemea upande mwingine. Ilipotulia hatimaye, jua lilikuwa limeshuka na meza nayo imeshuka. Ilikuwa imenifika magotini.

Nikakaa kwenye unga wa mbao. Makopo ya Seline yalikuwa bado chini, na meza niliyomjengea ili asiiname ilikuwa nayo karibu kufika chini. Kwa mara ya kwanza siku hiyo nilitamani Perez apige nduru tena.

"Mama Aoko," nikamwambia, "igawe tu miche. Mimi nimeshindwa."

 Zile mbio zilikuwa zimemchosha Seline, kwa hiyo akavuta kiti kimoja cha kanisa, wala hakuchagua, akakaa. Kiti kilikuwa kando ya meza. Ukingo wa meza ukamkaa sawa na mapaja. Akaweka mkono ndani, akazungusha kiganja juu ya mbao za Wakoli, kisha akamwomba Perez amletee udongo kidogo na pakiti ya maziwa. Akajaza udongo. Akabonyeza kwa kidole. Akaomba mche wa nyanya, akaupanda, akauweka kando, akaomba pakiti nyingine. Mgongo wake ulikuwa umeegemea kiti, umenyooka.

Hakuna aliyekuwa amewaza kiti. Daktari hakukiwaza, wala mimi, mtu niliyeishi kitini mwaka mzima. Kwetu udongo ni wa kuinamiwa, na mwanamke akionekana analima amekaa, mama mkwe atasimuliwa hata kama yuko kaburini. Ilibidi kwanza nife, viti viletwe. Akina mama wa kwaya walitazamana. Mmoja wao, mnene kidogo, akavuta kiti chake akakaa upande wa pili, akaanza kujaza pakiti.

Nilichuchumaa karibu na Seline nikamuuliza polepole kama mgongo unauma. Akatikisa kichwa. Kisha nikamuuliza anarudi lini Port Victoria.

"Aoko ana mama mkwe," akasema.

Akachukua pakiti nyingine. Kisha akagusa kishikio cha shaba kwa kidole chenye udongo, wala hakuinua macho.

"Na hizi mbao sasa ni zangu," akasema. "Siku yako ikifika kweli, Joram, utatafuta nyingine."

Mtu mmoja akaenda kulichukua begi lake njia panda. Viti vya kanisa vilirudishwa kesho yake, isipokuwa kimoja. Na hizo mbao nyingine, mpaka leo sijazitafuta.